Mawe Hai Uani Kwetu

Mume wangu aliponiambia anataka kuweka bahari sebuleni, nilidhani zile dawa za hospitali zimempanda kichwani. Nilikuwa nachambua mchele, nikauacha.

"Bahari gani, Baba watoto?"

"Bahari. Maji ya chumvi, mchanga wake, mawe yake, na samaki."

Sasa jamani, sisi tunakaa Tunduma. Ukifungua mlango unaona malori, vumbi, na malori mengine nyuma ya hayo. Ng'ambo ni Nakonde, yaani Zambia, na Zambia yenyewe haina bahari. Mimi kwetu ni Msangano, kule bondeni Momba, na maji mengi niliyowahi kuyaona ni ya mto ukifurika. Nikamshika paji la uso nione kama ana homa. Hakuwa nayo. Akanitazama tu, ananisubiri nijibu, na mimi nikagundua kwamba hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba aombe kitu chochote. Hata chai alikuwa haombi. Nikasema haya, weka bahari yako, lakini kabati langu la vyombo lisiguswe.

Wiki hiyo hiyo kabati langu la vyombo likahamishiwa chumbani.

Inabidi nieleze huo msiba. Mume wangu alikuwa dereva wa malori ya kwenda Kongo, na utingo wake alikuwa mdogo wake wa kuzaliwa, kitinda mimba wa mama mkwe wangu. Huyo shemeji yangu alikuwa mtu wa vituko, akiingia kwangu anafunua sufuria kabla hata ya kusalimia. Walikuwa wamevuka Serenje, kule Zambia, wakagongana na lori la mafuta mteremkoni. Mume wangu alirushwa nje. Mdogo wake alibaki ndani, na moto ukawaka. Watu wa kule waliwazika wote waliofia pale kaburi moja, kwa sababu hapakuwa na cha kutenganisha. Sisi hatukuletewa hata kiatu.

Matanga yaliwekwa Ihanda, nyumbani kwao Mbozi, katikati ya mibuni. Msiba bila maiti, nani aliwahi kuona? Watu wanalia wanaangaliana, hawajui waelekee wapi. Mama mkwe hakulia. Alikaa kwenye mkeka, na mume wangu alipoletwa na bandeji zake, alimwuliza swali moja tu. "Mwanangu, siku ile, mdogo wako alikuwa amekula?"

Mume wangu akasimama, akatoka nje, akaingia kwenye mibuni. Hakurudi mpaka watu walipoanza kuondoka. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena Ihanda, na mama yake naye hakuja kwetu. Salamu zilipita kwangu.

Na mimi nilichotaka kilikuwa kimoja, nilikiomba kanisani na nilikiomba nikimenya viazi: mume wangu asirudi barabarani. Bosi wake alikuwa anampigia simu. Lori jipya lipo, linamsubiri yeye. Mume wangu anajibu, "Ngoja kwanza, bosi." Kila nikisikia hiyo "ngoja kwanza" naacha ninachofanya, natega sikio. Kuna siku nikamkabili, maana mimi kunyamaza sijui. Nikamwambia, "Ukipanda lori tena, mimi nitakuwa naishi kwenye msiba mpaka nife."

Akanijibu taratibu. "Nikipata kitu cha kuamkia asubuhi, sitarudi. Hii bahari ikikaa, ikawa hai, nitabaki. Ikinishinda, narudi barabarani. Siwezi kushinda kwenye kiti nakutazama wewe ukihangaika sokoni."

Basi ndiyo hivyo. Mimi niliyeichukia bahari ile kuliko mtu yeyote Tunduma nzima, nikawa ndiye ninayeiombea ikae.

Wazo lenyewe alilitoa hospitalini, kule Zambia alikolazwa. Ukutani, mbele ya kitanda chake, palikuwa na tangi la kioo la maji ya bahari, lina mchanga mweupe na mawe, samaki wanaingia na kutoka kwenye mapango. Alisema ndicho kitu pekee alichoweza kukitazama bila kuuona moto. Aliyekuwa anakuja kulisafisha akamweleza kila kitu, na mume wangu, ambaye ukimtuma chumvi anarudi na kiberiti, alikumbuka yote.

Tangi alitengenezewa na fundi wa vioo wa mtaani kwetu, yule anayetengeneza madirisha. Lilikuwa refu na jembamba, likae kando ya ukuta. Walipolijaza maji ya kisima kulijaribu, likavuja upande mmoja, sebule yangu ikawa jaruba la mpunga. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja na jembe, akidhani tumevamiwa. Fundi akarudi akaziba kwa gundi, akajaribu tena, na mimi nikawa nimekaa juu ya kochi na miguu yangu nimeikunja. Halikuvuja.

Kuhusu maji ya bahari, nilimwuliza kwa dhihaka, "Utachota wapi, Nakonde?" Kumbe yeye ameshapanga. Madereva wenzake walikuwa wanapakia Dar es Salaam kila wiki. Aliwaomba, na jamani, wale wanaume wenye midomo michafu na macho mekundu ya kukosa usingizi, wakaanza kutuletea bahari kwa madumu. Kila lori likifika kwenye foleni ya mpaka, dumu moja linashuka. Mmoja alisimamishwa njiani na askari, akaulizwa kwenye dumu kuna nini, akajibu maji ya bahari ya rafiki yangu. Askari akaonja, akatema, akamwambia pita. Dereva huyo alipokuwa akihadithia, mume wangu alicheka. Nilikuwa jikoni. Nilisikia ule mcheko, mwiko ukanitoka mkononi.

Mchanga ukaja kwenye viroba. Niliuona mweupe, nikadhani umeshasafishwa. Thubutu! Aliuosha uani kwenye ndoo, anamimina maji, anauchanganya kwa mkono, anamwaga maji meupe kama maziwa, anarudia. Nikamwambia hata mchele wa harusi hauoshwi hivyo. Akasema mchanga usipooshwa, maji yatabaki na ukungu na samaki watakosa pumzi. Nilimwacha. Mikono yake ilikuwa inafanya kazi, na mimi nilikuwa na njaa ya kuiona inafanya kazi.

Kisha yakaja mawe.

Yalishushwa yamefungwa kwenye magazeti mabichi, ndani ya viroba, na harufu ile Mungu anisamehe. Jirani alichungulia ukutani akauliza nani kafa. Mume wangu alikuwa anayafungua kwa mikono miwili kama mkunga. Yalikuwa na matundu matundu, mengine ya zambarau, mengine ya kijani kibichi, yana ute.

"Usiyaguse kwa mikono yenye sabuni," akaniambia. "Haya mawe yako hai."

"Nini?"

"Yako hai. Ndani mna vidudu, vidogo, huvioni. Ndivyo vinavyosafisha maji. Ukiyaosha kwa maji ya kisima, umeyaua. Yakikauka, umeyaua."

Nikashika kiuno. Nimezaliwa na kulelewa nikijua jiwe ni kitu kilichokufa tangu kuumbwa kwa dunia. Leo mume wangu, baba wa watoto wangu, ananiambia nina mawe hai uani. Nikawa najiuliza nimweleze vipi mchungaji. Wakati nikiwaza hayo, jiwe kubwa kuliko yote likatoa mguu.

Sikuwa naota. Likatoa mguu, kisha mwingine, halafu kaa mdogo, wa rangi ya chungwa, akajitokeza kwenye tundu, akatembea upande upande kuelekea jikoni kwangu. Mwe! Nilivua kandambili nikamkimbiza. Mume wangu naye ananikimbiza mimi, "Muache! Muache huyo!", na jirani pale ukutani anacheka mpaka anakohoa. Mume wangu alimkamata kwa kikombe, akamrudisha kwenye jiwe lake.  Nilikuwa nimeshtuka kiasi kwamba nilichemsha maharage nikasahau kuweka maharage.

Yale mawe yalikaa kwenye pipa la plastiki uani, kwenye maji ya bahari, na pampu ndogo inayopuliza hewa, inayotumia betri ya lori ili umeme ukikatika isizime. Yalikuwa yanapumzishwa, alisema, mpaka harufu iishe. Asubuhi anaamka kabla yangu. Anafunua pipa, ananusa, anatazama. Alinieleza kwamba hata yakifa yote likabaki moja, hilo moja linaweza kuyarudishia mengine uhai, polepole, ukiwa na subira. Nilikuwa namsikiliza huku namwangalia usoni. Alikuwa ameanza kunenepa mashavu. Bosi akipiga simu, inaita mpaka inakatika yenyewe.

Ndipo ikafika asubuhi ya kupanga.

Kumbe mawe hayo hayatumbukizwi tu. Yanatakiwa kwanza kupangwa nje, pakavu, ili ukiyaingiza usiyahangaishe. Makubwa yanakaa chini kabisa, kwenye kioo chenyewe, siyo juu ya mchanga, maana wadudu wakichimba mchanga mawe yanaporomoka na kuvunja tangi. Kati ya jiwe na jiwe unaacha nafasi maji yapite. Na yasiegemee kioo. Mume wangu akapima uani mstatili wa saizi ya tangi, akauzungushia vijiti na kamba, akatandaza mchanga mweupe kidogo aone utakavyokaa, akiacha wazi pa kuweka mawe, kisha akaanza kuyapanga. Anaweka, anasogea nyuma, anatazama, anatoa, anaweka tena. Upande mmoja akayainua mawe yakapanda juu, na lile la kaa akaliweka kileleni. Upande wa pili yakashuka yakawa madogo madogo. Alipomaliza, akayafunika kwa magunia yaliyoloweshwa maji ya bahari.

"Ninakwenda mpakani kuchukua madumu ya mwisho," akasema. "Nikirudi tunayaingiza. Leo, Mama watoto."

Alikuwa na uso wa bwana harusi. Mimi nikabeba vitenge vyangu vya kuuza nikaenda sokoni, na njiani niliimba. Niliimba kweli, watu wakanigeukia.

Sijui kilichonirudisha mapema. Nadhani nilitaka tu niwepo yakiingizwa. Nilisukuma geti, na kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa weupe. Weupe wa kuumiza macho, katikati ya ua wangu, kwenye jua la mchana.

Mawe yalikuwa yamepakwa chokaa.

Zambarau sikuiona, kijani sikuiona. Magunia yalikuwa yamekunjwa vizuri pembeni. Palikuwa na ndoo ya maji ya kisima yenye povu la sabuni, na brashi ya kufulia, na kopo la chokaa, ile chokaa inayotoka Nanyala ambayo jirani yetu alibakiza alipopaka ukuta. Na hapo chini, amepiga magoti, khanga imefungwa kiunoni, mikono myeupe hadi viwikoni, alikuwa mama mkwe wangu. Kando yake kikapu chake cha maharage na ndizi hakijafunguliwa. Alikuwa anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini.

  Nilichofikiria, na nasema ukweli wa Mungu, hayakuwa mawe. Nilifikiria lori.

"Mama!" nikasema hatimaye. "Mama, umefanya nini?"

Akageuka. Uso wake ulikuwa umelowa machozi, na tangu msiba sikuwahi kuona chozi lake hata moja.

"Mwanangu," akasema, "mbona hamkuniambia?"

"Tukuambie nini, Mama?"

"Kwamba mmemjengea mtoto wangu kaburi."

Nikakaa chini. Pale pale kwenye vumbi, na vitenge vyangu mikononi.

Ndipo nikaliona. Mstatili, mchanga mweupe juu yake, mawe yamepangwa kwa uangalifu ndani yake, upande wa kichwani yameinuka, upande wa miguuni yameshuka. Kwao Mbozi kaburi haliachwi hivihivi. Linapangiwa mawe, mawe yanaoshwa yanang'aa, na yanapakwa chokaa, na sikukuu zikikaribia yanapakwa upya. Nimeyaona Ihanda mara nyingi, yameangaza kwenye mibuni. Na bado nilikuwa nimepita pale asubuhi nikaona bahari tu. Mume wangu je, aliyeyapanga kwa mikono yake, mtoto wa Ihanda? Mpaka leo sijui kama kweli hakuliona. Sijawahi kumwuliza.

Mama mkwe alikuwa amepanda gari bila kumwambia mtu, kwa sababu alichoka na salamu za kupitia kwangu. Alifika hakukuta mtu. Jirani akamfungulia geti, na alipouliza habari ya kile kilichofunikwa magunia uani, jirani akamjibu bila ubaya wowote, "Ni mambo ya mwanao hayo. Anayaamkia kila siku. Hataki mtu ayaguse." Basi mama wa watu akaelewa alivyoelewa. Alifunua, akapiga magoti, akayaosha jiwe moja moja kwa sabuni, akaazima chokaa.

"Lile la kichwani nimemwachia kaka mtu," akaniambia, akinionyesha kwa kidole. "Si kazi yangu kulimaliza."

Kweli, lile jiwe la juu, la kaa, lilikuwa bado la zambarau, halijaguswa na sabuni wala chokaa. Lilikuwa bado bichi. Nikawaza haraka haraka: moja limebaki. Alisema moja linatosha. Nilitaka kusimama nilichukue nilikimbize kwenye pipa. Lakini namwambiaje huyu mama? Namwambia, samahani, hili siyo kaburi la mwanao, ni mapambo ya sebuleni? 

Nikasikia guta linasimama nje. Mume wangu akaingia na dumu begani.

Sijui niseme vipi sura yake. Alisimama. Akaona mawe. Akaona mama yake. Dumu likashuka taratibu kutoka begani, likaanguka, kifuniko kikafunguka, na maji ya bahari yakaanza kutoka, glug glug, yakatambaa kwenye vumbi la Tunduma. Hakuna aliyeyazuia.

"Mama kaja," nikasema, kama vile haonekani.

 Akapita kati yetu, akaingia ndani. Nikamfuata mbio. Nilimkuta chumbani amepiga magoti, anavuta begi lake la safari kutoka chini ya kitanda, lile la Kongo. Akaweka suruali. Akaweka shati. Akaweka tochi.

"Baba watoto."

"Bosi alisema lori lipo."

"Limebaki jiwe moja! La kaa! Wewe mwenyewe ulisema moja linatosha!"

"Yamekufa," akasema. "Kila ninachokishika kinakufa. Niache nikaendeshe gari."

Nilimshika begi. Akanitoa mkono, siyo kwa nguvu, lakini akanitoa. Nililia kwa hasira, nikamtukana, nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa kuwa watoto wangu wanajua kusoma. Akafunga zipu. Akatoka na begi begani, na mimi nyuma yake, nimekwisha.

Mama mkwe alikuwa bado amepiga magoti pale pale. Hakuona begi, au aliliona akaliacha. Alimnyooshea mwanawe brashi ya chokaa.

"La kichwani nimekuachia wewe."

Mume wangu alisimama. Alilitazama lile jiwe, akanitazama mimi, na nilijua anachokijua. Lile jiwe lilikuwa bahari yote iliyobaki. Akimwambia mama yake ukweli, atakuwa na pa kuanzia. Akishika brashi, hana.

"Na mimi sitakuuliza tena baada ya leo," mama yake akasema. "Lakini nimefika mbele ya kaburi lake, nataka nijue. Siku ile, mwanangu alikuwa amekula?"

Nilifumba macho. Nilimsubiri ageuke, aende zake kama alivyokwenda kwenye mibuni. Nikasikia begi linaanguka chini.

Nilipofumbua macho alikuwa amepiga magoti kando ya mama yake. Hakushika brashi kwanza. Alilinyanyua lile jiwe, akaligeuza, akaligongagonga kwa kidole, na yule kaa wa rangi ya chungwa akaangukia kiganjani mwake. Akaninyooshea.

"Mshike."

Mimi! Nilimpokea. Miguu yake ilinikuna kiganja, na sikupiga kelele. Nikachukua kikombe, nikachota maji yaliyobaki kwenye dumu, nikamtia humo. Kaa huyo baadaye alirudishwa Dar es Salaam kwa lori, mbele, kando ya dereva, na dereva huyo aliapa kwamba alimwachia majini mwenyewe.

Mume wangu akaliweka jiwe mahali pake, kichwani. Akachovya brashi. Chokaa ikadondokea mchanga, mama yake akamshika kifundo cha mkono, akauongoza. Zambarau ikaanza kupotea.

"Alikula, Mama," akasema. Alikuwa anapaka huku anasema, hatutazami. "Tulisimama Serenje, kwa mama mmoja anayeuza nshima, ule ugali wa kule, na dagaa wa kapenta. Alikula, akaongeza. Akamtania yule mama kwamba akirudi anamwoa. Mimi sikuwa na hamu siku ile, niliacha chakula changu. Akakivuta kwake, akakila chote. Tukapanda gari ameshiba, anajishika tumbo. Alilala, Mama. Alikuwa amelala ameshiba. Hakuamka kuona kitu."

 Mama mkwe akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayekubali bei.

"Na chako akala?"

"Na changu."

"Ndiye huyo," akasema. "Ndiye mwanangu huyo." Akacheka kidogo, kisha akalia kilio ambacho Ihanda nzima ilikuwa imekisubiri, na mume wangu akalia naye, wameshikana, wameshachafuana chokaa mpaka kichwani. Jirani alichungulia ukutani, akaona, akajiondoa.

Begi lilikuwa limelala kwenye vumbi, na maji ya bahari yanalielekea. Nililiokota, nikaingia nalo ndani, nikarudisha nguo kabatini, shati kwa suruali, na tochi nikaiweka jikoni, na ipo hapo mpaka leo.